Hoteli ya Miezi Mtaani Kwako: Namna ya Kuweka Pingamizi Johannesburg

Ukiona tangazo lenye maandishi madogo limefungwa kwenye geti la nyumba ya zamani Yeoville, Kensington au Bez Valley, simama ulisome. Huenda kuna mtu anaomba kubadili matumizi ya kiwanja hicho ili ajenge hoteli ya kukaa muda mrefu, yaani vyumba vyenye jiko dogo na bafu, vinavyokodishwa kwa wiki au kwa miezi. Waswahili wengi wa Johannesburg hupita wakidhani mambo hayo ni ya wenye nyumba. Mpangaji anayeishi ukuta kwa ukuta na kiwanja hicho naye ana la kusema, ilimradi aseme kwa maandishi, kwa wakati, na aonyeshe jinsi ujenzi huo utakavyomgusa.

Hatua ya kwanza: piga picha tangazo na hesabu siku

Maombi ya aina hii yanaongozwa na Sheria Ndogo ya Mipango ya Jiji ya mwaka 2016. Muda wa kuweka pingamizi ni siku 28 kuanzia siku tangazo lilipochapishwa, na kwa ombi la kubadili matumizi huchapishwa gazetini na katika Gazeti la Serikali la jimbo la Gauteng. Hesabu haianzi siku uliyoliona wewe. Ukiliona wiki ya tatu ikiisha, umebakiwa na wiki moja.

Picha yako ionyeshe namba ya kiwanja (hapa huitwa erf), jina la mtaa kama ulivyosajiliwa, jina la wakala wa mwombaji, tarehe ya mwisho na anwani ya kupeleka pingamizi. Tazama pia kifungu kilichotajwa. Kifungu cha 21 ni kubadili matumizi ya ardhi, cha 19 ni ruhusa maalumu bila kubadili matumizi yenyewe, na cha 41 ni kuondoa masharti yaliyomo ndani ya hati miliki. Wakati mwingine mwombaji huomba mawili kwa pamoja, na hilo la hati miliki lisikupite. Mitaa mingi ya zamani ya jiji hili ina masharti yanayoruhusu nyumba moja tu kwa kila kiwanja. Sharti la namna hiyo likifutwa, ulinzi mmoja wa jirani umekwenda nalo.

Hatua ya pili: lisome faili kabla ya kukasirika

Faili la maombi liko wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma. Fuata anwani iliyo kwenye tangazo, usiende kwa mazoea. Jengo la Metro Centre, Braamfontein, ambako watu walizoea kwenda, lilifungwa baada ya moto wa mwaka 2023, na huduma zake zikatawanyika. Unaweza pia kumwandikia wakala na kumwomba nakala. Muulize kwa adabu na kwa barua pepe, ili jibu lake, au kimya chake, kibaki na tarehe.

Ndani ya faili, tafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni matumizi ya sasa na yale yanayoombwa, kwa maneno ya Skimu ya Matumizi ya Ardhi ya Johannesburg ya 2018, iliyoanza kutumika 2019. Cha pili ni vipimo: ghorofa ngapi, jengo litafunika asilimia ngapi ya kiwanja, jumla ya eneo la sakafu, na maegesho mangapi. Cha tatu, ambacho watu wengi hukiruka, ni tafsiri ya neno "hoteli" katika ombi hilo. Je, kuna kikomo cha siku za kukaa? Kuna mapokezi yenye mtu usiku na mchana? Au ni vyumba vya kupanga vilivyopewa jina la hoteli? Maegesho na mzigo wa maji hutegemea jibu la swali hilo, kwa hiyo ling'ang'anie.

Hatua ya tatu: chuja hoja zako

Hapa ndipo pingamizi nyingi huanguka. Baraza la Mipango la Jiji, linaloamua maombi haya, halipimi hasira, wala halihesabu sahihi kama kura. Linataka sababu za kimipango.

Hoja ya kwanza kuweka pembeni ni bei ya nyumba. Sheria ya kitaifa ya mipango ya ardhi, Sheria Namba 16 ya 2013 inayojulikana kama SPLUMA, inasema katika kifungu cha 7 kwamba baraza haliwezi kuzuiwa kutumia mamlaka yake kwa sababu tu thamani ya ardhi au mali itaguswa. Ukiandika kurasa nne juu ya bei, umewapa kurasa nne za kufungua na kufunga.

Ya pili ni hoja ya watu: "wataleta wageni," "wataleta wahuni," "hatutaki watu wa kupita." Usiiandike, na asiiandike mtu yeyote kwa niaba yako. Ni hoja dhaifu mbele ya baraza, na kwetu ni zaidi ya udhaifu. Wahamiaji wenzetu walifukuzwa majumbani mwao Mei 2008, vurugu zilipoanzia Alexandra na kuenea jimboni, kwa maneno ya namna hiyo hiyo. Atakayelala katika hoteli ile huenda akawa muuguzi kutoka Bukavu anayesubiri nyumba, au mama aliyemleta mwanawe hospitali. Pinga jengo lisilofaa. Mlalaji muache.

Zenye nguvu ni hizi. Maji na majitaka: miaka ya karibuni matangi ya jiji yamekuwa yakikauka na mitaa kukaa siku kadhaa bila tone. Uliza kama Johannesburg Water imethibitisha kwamba bomba la mtaa litahimili vyumba vipya, na kama City Power imesema hivyo kuhusu umeme. Magari: hesabu mwenyewe magari yanayoegeshwa barabarani saa moja jioni, kwa siku kadhaa, upige na picha. Kivuli na faragha: eleza dirisha lipi litatazama uwanja upi. Umri wa jengo: chini ya Sheria ya Urithi ya 1999, kifungu cha 34, jengo lenye zaidi ya miaka 60 halibomolewi wala kubadilishwa bila kibali cha mamlaka ya urithi ya jimbo. Nyumba nyingi za Yeoville na Kensington zimeuvuka umri huo, kwa hiyo uliza kibali kiko wapi.

Usalama wa moto usikose katika barua yako. Tarehe 31 Agosti 2023, moto uliua watu 76 katika jengo la Usindiso, Marshalltown, wengi wao wahamiaji, wakiwamo Wamalawi na Watanzania. Jengo lile lilikuwa mali ya Jiji lenyewe. Halikuwa hoteli, lakini limetufundisha jinsi vyumba vinavyogawanywa kwa mbao na milango inayofungwa kwa kufuli vinavyogeuka mtego, hasa pale ambapo hakuna anayekuja kukagua. Omba njia za kutokea, idadi ya juu ya watu kwa kila chumba na ukaguzi wa zimamoto viandikwe kama masharti ya kibali.

Hatua ya nne: andika barua, na uombe masharti

Barua moja ya kurasa mbili inatosha. Weka namba ya kiwanja, jina lako, anwani na mawasiliano, uhusiano wako na eneo (mpangaji tangu lini, jirani wa upande gani), kisha hoja zako kwa namba, kila moja na ushahidi wake. Sema wazi kwamba unataka kuhudhuria kikao. Nakala mpelekee mwombaji kama tangazo linavyoagiza, na utunze uthibitisho wa kupokelewa.

Barua tano tofauti, kila moja ikieleza maisha ya nyumba yake, zina uzito kuliko karatasi moja yenye sahihi mia. Msaidieni gogo (bibi) wa jirani asiyetumia barua pepe. Aseme kwa Kizulu, mtu amwandikie.

Mwishoni weka ombi la pili: kama baraza litaidhinisha, basi kwa masharti haya. Ghorofa zisizidi mbili, kwa mfano, maegesho yawe ndani ya kiwanja, jenereta isikae upande wa vyumba vya kulala vya jirani, na msimamizi awepo saa zote. Kwa maoni yangu hapa ndipo wakazi hushinda mara nyingi zaidi. Kuzuia kabisa ni vigumu katika jiji lenye njaa kubwa ya makazi, na si kila mara ni haki.

Hatua ya tano: kikao, na kinachofuata

Mwombaji atapewa nafasi ya kujibu barua yako, kisha utaarifiwa tarehe ya kikao. Chagueni msemaji mmoja au wawili. Mzungumze na diwani wenu mapema, lakini msimwachie kazi.

Uamuzi usipokuridhisha, SPLUMA, kifungu cha 51, inatoa siku 21 tangu kuarifiwa za kukata rufaa ndani ya manispaa. Sababu za uamuzi unaweza kuziomba kwa maandishi ndani ya siku 90 chini ya sheria ya haki za kiutawala ya mwaka 2000. Anayekwenda mahakamani kabla ya kumaliza rufaa ya ndani kwa kawaida hurudishwa.

Ombi likipitishwa, chukua nakala ya masharti na ufuatilie ramani za ujenzi, kwa kuwa hizo hupitishwa katika hatua nyingine. Parkmore, upande wa Sandton, jirani alipinga mahakamani ramani zilizopitishwa na Jiji kwa jengo lililofunika kiwanja kupita kiwango cha skimu, na kesi hiyo ikafika Mahakama Kuu ya Rufaa mwaka 2016. Kwa hiyo siku wachimbaji watakapofika, uwe na masharti mkononi na futi kamba mfukoni. Umbali kutoka ukuta wako hadi msingi upimwe kabla zege halijamwagwa.