Kocha Naye Ni Mchunga



Ndugu zangu wanafunzi, jioni huwa nafundisha vijana mpira wa kikapu hapa Hai Amarat, Juba. Siku moja tulikuwa tumeachwa kwa pointi nyingi. Wakati wa mapumziko nikawaambia, "Atakayewasukuma tena, mwonyesheni cha mtema kuni." Dakika chache baadaye ngumi zikarushwa, na kijana wa timu pinzani akapasuka mdomo. Niliwakemea wachezaji wangu wote. Usiku, baada ya Isha, nikajiuliza: hasa ni nani aliyeanzisha ugomvi ule?

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu (FIBA) ziko wazi. Ugomvi ukizuka, mchezaji wa akiba anayeondoka eneo la benchi hutolewa mchezoni. Kocha mkuu na msaidizi wake wa kwanza ndio pekee wanaoruhusiwa kuingia, tena kwa kazi moja tu: kuwasaidia waamuzi kurudisha utulivu. Wakiingia wasisaidie, nao hutolewa. Na watu wa benchi wakitolewa kwa kuingia, kosa la kiufundi huandikwa kwa kocha, hata kama yeye hakunyanyua mkono.

Tarehe 2 Julai 2018, Ufilipino na Australia zilipigana katika mechi ya kufuzu Kombe la Dunia. Wachezaji 13 walitolewa: 9 wa Ufilipino na 4 wa Australia. FIBA haikuishia kwa wachezaji. Kocha wa Ufilipino, Chot Reyes, alifungiwa mechi moja na kutozwa faranga 10,000 za Uswisi. Adhabu hiyo haikuwa ya ngumi, ilikuwa ya uchochezi.

Sisi tumeshafundishwa hayo. Katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametubainishia kuwa kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya anachokichunga. Hili halimwondolei mchezaji dhambi yake. Yeye ataulizwa kwa mkono wake, nami nitaulizwa kwa ulimi wangu.

Hapa kwetu jambo hili si dogo. Juba imeona mapigano mwaka 2013 na 2016, na ngumi ya uwanjani inaweza kumfuata mtu hadi nyumbani kwao.

Nilikwenda kwa wazazi wa yule kijana kuomba radhi, kisha nikakiri kosa langu mbele ya timu. Tangu hapo, mchezaji akipandwa na hasira namtoa akae benchi, hata akiwa mfungaji wetu bora. Mtume (s.a.w.) amemwelekeza mwenye hasira aliyesimama akae, kama alivyopokea Abu Dawud. Mechi iliyofuata nilimtoa mmoja, na tukafungwa. Wote walirudi makwao salama.

Nawe uliye nahodha au kiongozi wa wenzako, pima neno lako kabla ya kulisema mbele ya watu waliokasirika.

Allah atusamehe na atuhifadhi na shari ya ndimi zetu. Aamin.