Nipige Tela kwa Mchanga Gani?

*Nina karakana ndogo Changamwe, Mombasa. Tunatoa kutu kwenye tela na matangi kwa mchanga tunaopiga kwa kompresa, halafu tunapaka rangi. Mchanga tunauchota ufukweni. Wateja wanalalamika kwamba rangi inaota malengelenge kabla ya mwaka kwisha. Sasa mmoja ameniletea rimu za alumini. Nasikia habari za ganeti, ila bei yake inanitisha. Nifanyeje?*
*Fundi, Changamwe*

Ndugu fundi, rangi usiilaumu. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Inabaki kwenye chuma, inavuta unyevu upenye rangi, na kutu inaanzia chini.

Lakini hilo ni dogo. Chembe ya mchanga ikigonga chuma hupasuka ikawa vumbi laini la silika, linaloingia hadi ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo, silikosi, hauna dawa ya kuuponya. Uingereza iliukataza mchanga huo katika kazi hii kwa kanuni za mwaka 1949. Uturuki nayo, mwaka 2009, ilipiga marufuku kupauza jinzi kwa mchanga baada ya vijana kuugua na kufa. Barakoa ya kitambaa haisaidii kitu.

Kwa tela na matangi, nunua ganeti. Si ile ya vito ya Taita-Taveta, usije ukafilisika! Ya viwandani ni ngumu, nzito, haipasuki ovyo, na silika huru ndani yake kwa kawaida haifiki asilimia 1. Chukua saizi ya meshi 30/60. Mafundi wengi hudhani chembe kubwa ndiyo husafisha upesi. Kumbe kilo moja ya chembe kubwa ina chembe chache, mapigo yanapungua, tena zinachimba mashimo ambayo praima haiyafuniki. Kubwa ziache kwa kutu iliyofanya magamba. Kabla ya yote soma karatasi ya mtengenezaji wa rangi: praima nyingi za epoksi hutaka uso uliokwaruzwa kina cha mikroni 50 hadi 75.

Kuhusu bei, usipige hesabu kwa gunia, piga kwa mita ya mraba. Tandika turubai, zoa, chekecha, rudia tena. Ganeti hustahimili mizunguko kadhaa. Chembe za chuma hurudiwa mara nyingi zaidi, lakini zinataka chumba kikavu kilichofungwa. Kwa unyevu wa Mombasa, uani zitashika kutu.

Rimu usiziguse kwa chembe za chuma: vipande hunasa kwenye alumini na kuota kutu. Kama zitaachwa bila rangi, shanga za glasi zinatosha, kwa presha ndogo. Kama zitapakwa, shanga huacha uso laini mno. Tumia ganeti ya meshi 80.

Hata kwa ganeti, anayeshika mpira avae kofia inayopelekewa hewa safi, na msaidizi akae mbali na vumbi. Mchanga uliobaki umwage, usiumalizie. Vijana wako waliokwisha kuupiga kwa miaka, wapeleke hospitali wakapigwe eksirei ya kifua.