Uliniona Wewe Mwenyewe?

SOMO LA JUMA KWA USHIRIKA WA NYUMBANI

Masomo: Luka 24:36–43, Matendo 12:12–16, Kumbukumbu la Torati 19:15–20
Mstari wa kukumbuka: Ayubu 13:7



Juma hili mchungaji ameniomba niandike juu ya jambo ambalo wengi wenu mnalijua nusu. Ile nusu ya kwanza niliisema mimi mwenyewe madhabahuni, na mkapiga makofi. Ile ya pili wengine hamkuwepo siku nilipoisema. Leo nataka zote mbili ziwe kwenye karatasi.

Miaka ile nilikuwa kiongozi wa vijana. Tulikuwa watano, tuna simu, tuna mafuta ya upako, tuna bidii. Tukisikia kuna nyumba Umoja, Donholm au Kayole inayosumbua watu usiku, tunaenda kukesha. Tunarekodi, tunakemea, Jumapili tunatoa ushuhuda. Hakuna aliyetutuma na hakuna aliyetufundisha. Tulijifunzia kwa kufanya, na kwa kuangalia video za watu wa ng'ambo wanaotafuta mizimu kwenye nyumba zilizohamwa.

Siku moja tukaitwa ploti moja pale Umoja. Ghorofa ya tatu kulikuwa na nyumba tupu. Wapangaji watatu walikuwa wamehama mmoja baada ya mwingine. Watu walisema saa nane au saa tisa usiku ukuta unagongwa, kitu kinaguna, na mfereji unajifungua wenyewe na maji yanamwagika. Tukaingia Jumanne usiku. Kweli, saa nane na kitu tukasikia: ko! ko! ko! Halafu mguno. Halafu mfereji wa jikoni ukatema hewa na kuanza kutoa maji, na hakuna aliyeugusa. Nywele zilinisimama, siwadanganyi. Ndugu mmoja aliyekuwa dirishani akasema, "Ni kama nimeona kitu huko chini, kama mtu amejifunika leso."

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa sikilizeni niliyoyasema Jumapili. Nilisema tulipokemea, ukuta ulijibu. Nilisema nyumba iligeuka baridi kama friji. Nilisema "tuliona" kivuli cha mwanamke mzee aliyejifunika leso, kikatoroka kwa jina la Yesu. Kanisa lililipuka kwa shangwe, na mimi nikashuka pale mbele nikijiona Eliya.

Chumvi ilivyoharibu mboga

Swali la watu wa ploti lilikuwa rahisi tu: ni mwanamke mzee gani? Na jibu lilikuwa karibu. Ghorofa ya chini aliishi shosho mmoja mjane, mama mboga, na mjukuu wake wa darasa la nne. Shosho huyu alikuwa akionekana nje saa tisa usiku, amejifunika leso. Lisemwalo lipo, wakasema. Kabla wiki mbili hazijaisha, sukuma wiki yake ilikuwa inanyaukia mezani. Dirisha lake lilirushiwa jiwe. Mjukuu akaulizwa shuleni kama nyanya yake huruka na ungo. Mwenye ploti akampa notisi ya kuhama mwisho wa mwezi.

Jioni moja nilimkuta ananingoja langoni pa kanisa. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu:

"Kijana wangu, uliniona wewe mwenyewe?"

Nikasema, "Shosho, mimi... niliambiwa."

"Na ulisema uliambiwa?"

Wapendwa, nimehubiriwa mahubiri mengi, lakini hakuna lililonichoma kama hilo. Nilikuwa nimetoa ushahidi dhidi ya jirani yangu juu ya kitu ambacho macho yangu hayakukiona. Hiyo si bidii ya kiroho. Ni amri ya tisa ninayovunja nikiwa nimeshika maikrofoni.

Nilirudi na daftari

Nilirudi kwenye ile nyumba peke yangu, safari hii na daftari badala ya mafuta. Kwa wiki tatu niliandika kila usiku: saa ngapi, sauti gani, imetoka upande upi. Kulikuwa na usiku wa kelele na usiku wa kimya kabisa. Kelele zilikuja Jumanne na Ijumaa peke yake. Nikaonyesha msimamizi wa ploti. Akacheka. "Hizo si ndizo siku za mgao wa maji?"

Nyinyi mnaoishi Eastlands mnajua habari ya mgao. Maji hayaji mchana. Yanakuja usiku wa manane, na asiyeamka analala na mitungi mitupu. Fundi wa mabomba akaja na kunieleza kama anayemfundisha mtoto. Mabomba yakikauka hujaa hewa. Maji yakirudi kwa nguvu yanaisukuma ile hewa, nayo inaguna na kukohoa ikitafuta pa kutokea. Bomba la ghorofa ya tatu lilikuwa limeng'oka kwenye vishikizo vyake, kwa hiyo kila msukumo ulilipigisha ukutani: ko, ko, ko. Na ule mfereji? Mpangaji wa mwisho aliufungua maji yakiwa yamekata, hakuna kilichotoka, akahama bila kuufunga.

Na shosho saa tisa usiku? Alikuwa anachota maji, kama mama yangu, na kama mama yako.

Fundi alikaza bomba na kufunga mfereji. Kugonga kukaisha siku hiyo hiyo. Nikiwa mkweli mpaka mwisho, kwenye simu yangu kuna sauti moja ya usiku ule ambayo fundi hakuitambua, na mimi sijui ni nini mpaka leo. Zamani ningesema ni pepo. Leo nasema sijui. Neno hilo halijapunguza wokovu wangu hata kidogo.

1. Mungu hahitaji uongo wetu

Mtu asinielewe vibaya. Neno linatuambia pepo wapo, na Yesu aliwatoa. Lakini Ayubu aliwauliza rafiki zake kama wanaona inafaa kusema yasiyo haki kwa ajili ya Mungu, kana kwamba Mungu ana kesi asiyoweza kuishinda bila wao. Ndilo kosa nililofanya. Mtu anayeamini shetani ni baba wa uongo anawezaje kupigana naye kwa silaha ile ile aliyoibuni?

Mwaka wa 2014 tulikasirika wote runinga ilipoonyesha jinsi maji ya kuoshea miguu yalivyogeuzwa mekundu kama damu kwa dawa ya potasiamu pamanganeti, na watu wakatoa pesa wakidhani ni muujiza. Mimi nilijitetea moyoni: sikutoza mtu hata shilingi. Lakini nililipwa. Nililipwa kwa makofi, kwa "amina" na kwa kuitwa mtumishi. Si kila rushwa huja kwa M-Pesa.

2. Jambo kubwa halihitaji kuongezwa

Mwaka wa 1898, reli ya kutoka Mombasa ilipofika mto Tsavo, simba wawili walianza kula wafanyakazi usiku. Wengi kambini walisadiki kwamba hawa si wanyama, ni mashetani wenye umbo la simba. Waliuawa Desemba mwaka huo kwa risasi, na leo wamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Chicago. Patterson, msimamizi wa ujenzi aliyewaua, alikuja kudai kwamba walikula watu 135. Mwaka wa 2009 wanasayansi walipima nywele na mifupa ya simba wale wale, wakakadiria kama watu 35.

Fikiria. Watu 35 ni msiba wa kutosha kuliza nchi. Nani alihitaji mia moja zaidi? Ndivyo chumvi inavyofanya: siku hesabu ikigunduliwa, msikilizaji anaanza kushuku hata zile 35 za kweli.

3. Uongo mdogo hukua ukamshinda mwenyewe

Mwaka wa 1848, katika kijiji cha Hydesville, jimbo la New York, dada wawili wa familia ya Fox, Margaret na Kate, walianza "kuzungumza na roho" kwa milio ya kugonga. Habari ikaenea, ikawa dini ya watu wengi Marekani na Uingereza. Miaka 40 baadaye, mwaka wa 1888, Margaret alisimama mbele ya umati jijini New York, akaeleza kwamba milio ile waliitoa kwa viungo vya vidole vya miguu, na kwamba ilianza kama mchezo wa kumtisha mama yao. Akaonyesha. Lakini mwaka uliofuata alikana tena maungamo yake, na wengi waliendelea kuamini kama zamani. Ulimi hauna mfupa: ni rahisi kuuachilia, kuurudisha ndiyo kazi.

4. Mwisho wa maneno haya ni damu

Mtu akikuambia hizi ni hadithi tu, mkumbushe Kisii. Mei 2008 wazee 11, wake kwa waume, walichomwa moto wakiitwa wachawi. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma kama hizo. Hakuna aliyeamka asubuhi moja akachukua kiberiti ghafla. Kiberiti hutanguliwa na maneno: "inasemekana", "ameonekana", "watumishi wameona". Shosho wetu alirushiwa jiwe moja. Naogopa kufikiria lingefuata nini.

Ndiyo maana Kumbukumbu la Torati inataka mashahidi wawili au watatu, na inawaagiza waamuzi wachunguze kwa bidii. Shahidi wa uongo alipaswa kufanyiwa kile alichotaka kumfanyia ndugu yake. Kwa sheria hiyo, mimi ndiye niliyestahili notisi ya kuhama.

5. Yesu mwenyewe alikubali kupimwa

Soma Luka 24. Wanafunzi walidhani wanaona roho. Bwana angeweza kuwakemea kwa kukosa imani na kuishia hapo. Lakini aliwaonyesha mikono na miguu, akawaambia wamshike, akaomba chakula, akala kipande cha samaki mbele yao. Na Matendo 12: Petro anabisha hodi, Roda anasema ni Petro, na watu waliokuwa kwenye maombi, watu wa Roho, wanasema ni malaika wake! Tatizo lilitatuliwaje? Walifungua mlango wakaona. Kuchunguza si adui wa imani. Katika 1 Wakorintho 15:15 Paulo aliogopa kuonekana shahidi wa uongo wa Mungu hata juu ya ufufuo wenyewe. Mitume walituandikia mashaka yao na woga wao bila kuficha, na ndiyo sababu mojawapo ninawaamini. Jirani yangu atanisadiki vipi nikimwambia kaburi la Yesu ni tupu, ikiwa anajua nilidanganya juu ya bomba la maji?

Nyumba yako ikisumbuliwa

Omba kwanza, hilo halina mjadala. Halafu:

- Kila aliyekesha aandike peke yake alichoona au kusikia, kabla hamjazungumza. Mkizungumza kwanza, mtatoka na hadithi moja na hamtajua ni ya nani.
- Tenganisha "nimeona", "nimesikia", "nimeambiwa" na "nimedhani".
- Ita fundi. Angalia maji, stima, panya na popo darini. Andika siku na saa.
- Usitaje mtu wala kumwashiria. Kusema "mwanamke mzee" mbele ya ploti yenye mwanamke mzee mmoja ni kumtaja jina.
- Usipojua, sema hujui.
- Ukikosea, sahihisha pale pale uliposemea, kwa sauti ile ile.

Nusu ya pili

Mchungaji aliponisikiliza alisema, "Ulishuhudia mbele ya kanisa, utatubu mbele ya kanisa." Nikatubu. Siku hiyo hakukuwa na shangwe. Kisha nikaenda ile ploti, mlango kwa mlango. Wengine walinishukuru. Mmoja aliniambia nimehongwa na yule mzee.

Shosho alikuwa ameshahamia Kayole kwa binti yake. Nilimtafuta, nikampata, nikapiga magoti. Alinishika kichwa, akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini wale wote waliokusikia wakaenda kuambia wengine, nani atawafikia?"

Sikuwa na jibu. Jarida hili ni sehemu ya kujaribu. Ukimaliza kulisoma, mpe jirani.

Maswali ya ushirika

1. Ni ushuhuda gani umewahi kuusimulia ukaongeza kitu? Ulilipwa nini?
2. Kwa nini watu waliokuwa wakimwombea Petro walikuwa wa mwisho kuamini kwamba ni yeye?
3. Je, kuna mtu katika ploti yenu anayeogopwa kwa sababu ya "inasemekana"? Mtafanya nini juma hili?

Maombi: Bwana, weka mlinzi kinywani mwetu. Tupe ujasiri wa kusema tuliyoyaona, na unyenyekevu wa kusema hatujui. Wainue waliovunjwa kwa maneno yetu. Kwa jina la Yesu, amina.