Kutoka Kisumu Hadi Eldoret kwa Ndege

Mkulima wa Sosiot anajua ya kuwa lori huchukua muda mfupi tu kutoka kituo cha majani mpaka kiwandani. Kinachoharibu chai ni kule kungoja kituoni, majani yakishika joto ndani ya mfuko. Safari ya ndege ni vivyo hivyo: kule kuruka ni sehemu yake ndogo. Shika kalamu tufanye hesabu ya viwanja viwili vilivyo karibu nasi.

Kwanza umbali. Dunia imegawanywa kwa digrii, na kila digrii ina dakika 60. Dakika moja kwenda kaskazini au kusini ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Sisi tulio karibu na Ikweta tuna bahati, maana dakika ya kwenda mashariki nayo ni karibu maili hiyo hiyo. Watu wa Ulaya hawana urahisi huu.

Kiwanja cha Kisumu kiko dakika 5 kusini mwa Ikweta. Cha Eldoret, kilichofunguliwa mwaka 1997, kiko dakika 24 kaskazini. Jumla ni 29. Upande wa mashariki, Kisumu iko digrii 34 dakika 44, na Eldoret digrii 35 dakika 14. Tofauti ni 30. Zidisha 29 kwa 29, upate 841. Na 30 kwa 30, upate 900. Jumlisha: 1,741. Sasa tafuta namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa hiyo. Ni karibu 42. Basi ndege hukata maili 42 za baharini, kama kilomita 78.

Tuseme ndege ndogo yaenda maili 150 kwa saa. Hesabu yatoa dakika 17. Lakini Kisumu iko ufukoni mwa ziwa, mita 1,150 hivi juu ya bahari, na Eldoret yapata 2,100. Ndege hupanda polepole, kisha huzunguka ili itue ikielekea upepo. Ongeza dakika 10. Tena alasiri pepo za ziwa hukutana na pepo za mashariki juu ya vilima vyetu, na mawingu yale yale yanayopiga chai kwa mvua ya mawe humlazimu rubani kuyakwepa. Akizunguka maili 15 zaidi, ni dakika 6 nyingine. Asubuhi ni bora.

Sasa tuseme una mgonjwa Sosiot wa kupelekwa hospitali kuu ya Eldoret, na jamaa wanataka kuuza ng'ombe ili wakodi ndege. Anza kuhesabu mlangoni pako. Kushuka mpaka Kisumu kupitia Ahero, nyuma ya malori ya miwa, weka saa mbili. Kungoja kiwanjani, saa moja. Kuruka, dakika 27. Kutoka kiwanja cha Eldoret mpaka hospitali, nusu saa. Karibu saa nne! Gari lililotoka Sosiot wakati ule ule kwa njia ya Nandi Hills laweza kuwa limekwisha fika, na ng'ombe yuko zizini. Mwulize daktari kwanza kama mgonjwa aweza kustahimili barabara.

Kwa Nairobi hesabu hugeuka. Kiwanja cha Jomo Kenyatta kiko digrii 1 dakika 19 kusini, na digrii 36 dakika 56 mashariki. Pima mwenyewe kutoka Kisumu. Ukipata karibu maili 151, umepatia.