SOMO LA MWEZI: MTU AKIUAWA NA WATU MIA MOJA



Tulikuwa tumepanga somo la mwezi huu liwe juu ya hesabu za mikopo. Lakini tulipokutana na vikundi vya upande wa Murera, hata kabla ya sala ya kufungua mkutano, mama mmoja akauliza: "Mwalimu, mtu akiuawa na watu mia moja, muuaji ni nani?" Kila mtu akaangalia chini. Basi hesabu za mikopo zitangoja.

Nilielewa swali lake kwa sababu jambo hili niliwahi kuliona. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji ambacho sitakitaja, kijana alishikwa saa kumi na moja alfajiri karibu na shamba ambalo pampu ya maji ilikuwa imeibwa usiku huo. Alikuwa na mfuko mgongoni. Mtu akapiga nduru, watu wakatoka, na kabla hakujapambazuka vizuri yule kijana alikuwa amekwisha kufa. Mfuko ulipofunguliwa, kumbe ni nyundo, patasi na chakula cha mchana. Alikuwa anakwenda kuchonga mawe machimboni. Mama yake alikuwa mwanachama wa kikundi nilichokuwa nikikisaidia. Na mmoja wa vijana waliokamatwa na polisi alikuwa mtoto wa mweka hazina wa kikundi hicho hicho. Hebu fikirieni mkutano wa Jumanne iliyofuata.

Tuanze na sheria, maana wengi hudhani watu wakiwa wengi sheria haiwezi kuwapata. Si kweli. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 203, inasema kuua kwa kukusudia ni mauaji, na haisemi idadi ya mikono. Tena kifungu cha 21 kinasema kwamba watu wakiungana na nia moja kufanya uovu, na kosa likatokea kwa sababu ya nia hiyo, kila mmoja wao anahesabiwa ametenda. Aliyeshika jiwe, aliyeleta tairi, aliyetoa kiberiti, wote wako pamoja. Asiwadanganye mtu ati "mimi nilipiga mara moja tu."

Sasa linganisheni. Kuiba tu, bila kuvunja nyumba wala kutumia nguvu, adhabu yake ya juu kabisa kwa kawaida ni kifungo cha miaka 3. Kwa hiyo hata kama kijana yule angekuwa ameiba ile pampu kweli, kijiji kilimpa adhabu ambayo hakuna hakimu angeweza kumpa. Sheria inamruhusu raia kumshika mtu anayemwona akifanya kosa kama hilo, lakini inamwamuru amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Najua mtakavyojibu: "Tukimpeleka, kesho tunamwona sokoni." Malalamiko hayo nayasikia kila mahali, na mengine ni ya haki. Ila mara nyingi mtu huachiliwa kwa dhamana, nayo dhamana ni haki ya mshtakiwa kwa Katiba ya 2010. Kesi yake bado ipo. Na kesi nyingi hufa kwa sababu sisi wenyewe tuliopiga nduru hatuendi kortini kutoa ushahidi. Nauli ya kwenda kortini inatushinda, lakini nguvu ya kubeba mawe tunayo.

Mambo haya si mapya. Mwaka wa 1963 Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, Juliasi Kaizari, na kama kikundi chenu kina mtoto wa sekondari mwambieni awasimulie. Kaizari ameuawa, watu wa Roma wamechomwa moyo na hotuba, wanatafuta waliomwua. Njiani wanakutana na mtu anaitwa Cinna. Miongoni mwa wauaji kuna Cinna pia. Huyu anajitetea kwamba yeye ni mtunga mashairi tu, si yule mwingine. Wanamrarua hata hivyo, na mmoja wao anatoa sababu kwamba mashairi yake ni mabaya! Watu wakisoma hapo hucheka. Mimi sichekagi tena tangu ule mfuko wenye nyundo. Umati ukishaanza haurudi nyuma kwa sababu umegundua kosa. Hutafuta tu sababu nyingine.

Karibu zaidi na kwetu kuna kitabu cha Ngũgĩ wa Thiong'o cha 1967, A Grain of Wheat. Kihika, mpiganaji wa msituni, amesalitiwa na kunyongwa. Wenzake wana hakika msaliti ni Karanja, kwa kuwa alikuwa hom-gadi na watu wanamchukia. Wanapanga aaibishwe hadharani siku ya sherehe ya Uhuru, Desemba 1963. Lakini aliyemsaliti Kihika ni Mugo, mtu mkimya ambaye kijiji kizima kinamheshimu, na siku hiyo ni yeye mwenyewe anayesimama mbele ya watu na kusema. Mimi nimekaa sana juu ya sehemu hiyo. Karanja alikuwa na makosa yake mengi, lakini hili halikuwa lake. Kama Mugo angenyamaza, kijiji kingemhukumu mtu asiyehusika na kulala usingizi mzuri.

Wazee wengine huniambia kwamba zamani hakukuwa na jela, watu walilipana yakaisha. Ni kweli kwa kiasi. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 kuhusu Wagĩkũyũ, anaeleza kwamba ukoo wa muuaji ulilipa mbuzi au kondoo 100 kwa mwanamume aliyeuawa, na 30 kwa mwanamke. (Akina mama wa Murera waliposikia hesabu hiyo, mkutano ulisimama robo saa.) Uzuri wa mila ile ni kwamba ukoo mzima ulibeba aibu, na wafiwa walipata kitu. Ubaya wake mmeuona wenyewe katika zile namba.

Na kunyonga je? Wengi waliniuliza. Gereza la Kamiti si mbali na sisi. Hapo ndipo Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Watu wa mwisho kunyongwa Kenya walinyongwa 1987, baada ya jaribio la mapinduzi la 1982. Korti ziliendelea kuhukumu kifo, ila hukumu haikutekelezwa. Mwaka wa 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia wafungwa zaidi ya 4,000 hukumu hiyo ikawa kifungo cha maisha, na 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya hivyo kwa 2,747. Kisha tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ikasema haifai jaji kulazimishwa kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji. Lazima apime kila mtu na mambo yake. Hukumu yenyewe bado imo katika sheria. Kanisa letu nalo, mwaka wa 2018, chini ya Papa Fransisko, lilibadilisha Katekisimu na kusema adhabu ya kifo haikubaliki. Kuna Wakristo wazuri ambao hilo linawasumbua, hasa waliofiwa, na siwalaumu.

Kupima huku kunatuhusu moja kwa moja. Kabla ya kuhukumu, jaji anaweza kumtuma afisa wa probesheni kijijini kuuliza familia zote mbili, majirani na chifu. Wafiwa nao wana haki ya kusikizwa, kwa sheria ya 2014 ya kulinda waathiriwa. Basi afisa akija, msijifiche jikoni.

Katika ile kesi yetu afisa alikuja, baada ya miaka zaidi ya mitatu. Alimwuliza mama wa marehemu anataka nini. Nilidhani atasema kifo, au shamba. Alisema: "Nataka kila aliyekuwa pale aje aniambie alichofanya." Alikuja mmoja tu, yule mtoto wa mweka hazina, kwa barua kutoka rumande. Wengine hawakushtakiwa. Wananunua nyanya kwake mpaka leo, na anawapimia vizuri, na haulizi kitu. Mweka hazina aliacha kikundi. Miezi mingi ikapita ndipo yule mama aliyefiwa alikwenda mwenyewe kumrudisha, akisema hesabu zimeharibika.

Maswali ya kujadiliana, mgawanyike watu watanowatano: Nduru ikipigwa usiku huku kwenu, nani anafika kwanza, na ana nini mkononi? Nani katika kikundi ana namba ya simu ya chifu na ya kituo cha polisi? Je, mfuko wa kikundi unaweza kumkopesha nauli mwanachama aliyeitwa kutoa ushahidi? Na kama wewe ndiye ungekuwa mama wa yule kijana, barua moja ingekutosha?

Mkutano ujao leteni majibu, pamoja na vile vitabu vya mikopo.