Mafuta au Oili? Utata wa Istilahi katika Kazi ya Kubadilisha Oili na Filta ya Pikapu ya Dizeli Jijini Arusha

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu maneno ya mkopo katika istilahi za Kiswahili umeendeshwa zaidi kwa mifano ya elimu ya darasani. Kamusi sanifu za Isimu na Lugha, na za Biolojia, Fizikia na Kemia, zilizotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ni ushahidi wa mwelekeo huo. Lugha ya gereji imeachwa pembeni, aghalabu kwa dhana kwamba ni Kiingereza kilichovunjika ambacho msanifishaji atakishughulikia baadaye, atakapopata nafasi. Dhana hiyo haijathibitishwa. Makala hii inaichunguza kwa kutazama kazi moja tu, ambayo hufanyika kila siku katika gereji za Arusha, kuanzia Unga Limited hadi zile za chini ya mti kando ya barabara za Ngaramtoni na Usa River: kubadilisha oili na filta ya pikapu inayotumia dizeli.

Hoja inayotetewa ni kwamba fundi anayesema oili pale ambapo mtaalamu wa lugha angependa aseme mafuta hafanyi hivyo kwa uvivu wala kwa kasumba. Anatenganisha vitu viwili ambavyo injini yenyewe imevitenganisha, na sarufi ya Kiswahili inamsaidia kufanya hivyo.

2.0 Kazi yenyewe

Ni vema kazi ielezwe kwanza, kwa kuwa istilahi haiwezi kupimwa bila kujulikana inachokitaja. Gari huegeshwa mahali tambarare, huwekwa gia na hendibreki, na gurudumu huzuiwa kwa jiwe au kigingi. Kabla ya hapo injini huachwa ingurume dakika chache ili oili ipate moto na kuwa nyepesi, kwani oili ya baridi hutoka polepole na huacha uchafu chini. Jambo hili lina uzito katika miteremko ya Mlima Meru, ambako asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi kali. Injini huzimwa. Kifuniko cha juu hufunguliwa ili hewa ipite, kisha nati iliyo chini ya sampu hulegezwa kwa spana na oili hupokewa katika beseni au dumu lililokatwa ubavu.

Oili ikiisha kutoka, filta kuukuu hufunguliwa, kwa mkono au kwa spana ya mkanda. Hapa ndipo wanagenzi wengi huteleza. Mpira wa mviringo ulio mdomoni mwa filta kuukuu huweza kubaki umenata kwenye injini. Filta mpya ikifungwa juu yake, mipira inakuwa miwili, haikai sawasawa, na injini ikiwashwa oili hufoka kwa nguvu. Kwa hiyo fundi hupapasa kwa kidole kuhakikisha kwamba mpira umetoka. Mpira wa filta mpya hupakwa oili kidogo, filta ikazungushwa kwa mkono hadi iguse, kisha ikaongezwa kiasi cha robo tatu ya mzunguko. Haikazwi kwa spana. Nati ya chini hurudishwa na wosha yake, oili mpya hutiwa, na kipimo husomwa katika kijiti chenye alama mbili. Pikapu nyingi za silinda nne huchukua lita kati ya 5 na 8. Injini ya Toyota ya silinda sita iitwayo 1HZ, ambayo watalii wengi wamebebwa nayo kutoka Arusha, huchukua zaidi ya lita 9. Mwisho injini huwashwa, taa ya oili hutazamwa hadi izimike, huzimwa tena, na kijiti husomwa mara ya pili kwa kuwa filta nayo imekwisha kunywa sehemu yake.

Lipo jambo moja ambalo mwenye gari asiyelijua humlaumu fundi bure. Oili ya injini ya dizeli hugeuka nyeusi mapema sana baada ya kubadilishwa, kwa sababu ya masizi. Weusi peke yake si dalili kwamba oili imechoka. Kinachohesabiwa ni kilometa, na ndiyo maana fundi huandika mahali fulani tarakimu ya sevisi ijayo.

3.0 Uwezo na upungufu wa neno 'mafuta'

Mafuta ni neno kongwe la Kibantu. Jamaa zake wanaonekana katika Kikuyu (maguta), Kiganda (amafuta) na Kizulu (amafutha). Katika Kiswahili mawanda yake ya maana ni mapana mno: ya kupikia, ya kujipaka, ya nazi, ya mnyama, ya taa, ya gari. Upana huo si kasoro. Katika mazingira ya nyumbani muktadha hutosha kuondoa utata, na hakuna mtu aliyekwisha kukaangia maandazi kwa mafuta ya kujipaka kwa sababu ya sarufi.

Ndani ya gereji hali ni tofauti. Injini ya dizeli, ambayo jina lake linatokana na mhandisi Mjerumani Rudolf Diesel, ina vimiminika viwili vinavyopita katika njia mbili zisizopaswa kukutana. Kimoja huungua na kuisha. Kingine huzunguka kikilainisha vyuma na hubaki. Kila kimoja kina pampu yake, filta yake na taa yake mbele ya dereva. Lugha inayoviita vyote viwili mafuta inazaa pampu ya mafuta mbili, chujio la mafuta mawili na taa ya mafuta mbili.

Athari yake si ya kinadharia. Mathalani, pikapu iliyobeba nyanya kutoka Ngarenanyuki inashuka kupitia Momela kuelekea Usa River, na taa nyekundu inawaka. Dereva mgeni anampigia simu tajiri wake na kumwambia kwamba taa ya mafuta imewaka. Tajiri atamjibu kwa busara zote kwamba aendelee taratibu hadi sheli iliyo karibu. Ikiwa taa iliyowaka ni ya dizeli, ushauri huo ni sahihi. Ikiwa ni ya oili, ni ushauri wa kuua injini, kwani injini ikikosa msukumo wa oili hata kwa dakika chache huanza kusaga beringi zake, na kinachofuata ni kile ambacho mafundi hukiita kunoki. Dereva aliyezoea lugha ya gereji angesema taa ya oili, na tajiri angemwamuru azime gari papo hapo.

Vivyo hivyo kwa filta. Mwanagenzi aliyeandikiwa katika mwongozo 'badilisha chujio la mafuta' anaweza kwa haki kabisa kufungua filta ya dizeli. Atakuwa ameingiza hewa katika njia ya dizeli, gari litakataa kuwaka hadi hewa itolewe kwa pampu ya mkono, na filta ya oili, ambayo mwenye gari ameilipia, itabaki ile ile ya zamani.

4.0 Upatanisho wa kisarufi kama kitenganishi

Hoja iliyo nzito zaidi haimo katika nomino bali katika viambishi. Katika mazungumzo ya kazi, nomino hudondoshwa mara kwa mara. Fundi aliyelala chini ya gari hasemi sentensi kamili. Husema 'imeisha?' au 'yameisha?', 'imwage' au 'yamwage'. Kwa kuwa mafuta ni ngeli ya YA-YA na oili imepokewa katika ngeli ya I-ZI, kiambishi kimoja cha upatanisho kinatosha kumjulisha msaidizi ni kimiminika gani kinachozungumzwa. Mkopo haukuleta neno tu. Ulipata nafasi katika mfumo wa ngeli, na nafasi hiyo inafanya kazi.

Iwapo oili itaondolewa na mahali pake pawekwe mafuta ya injini, viambishi vyote vitakuwa ya-, na tofauti iliyokuwapo itapotea hasa pale inapohitajika, yaani pale ambapo nomino haitamkwi. Ni kweli kwamba dizeli nayo imo katika ngeli ya I-ZI, na kwamba kauli 'imeisha' huweza kuhusu dizeli pia. Hata hivyo kilichomo ndani ya tangi huitwa mafuta katika usemi wa kila siku. Dizeli hutajwa hasa inapolinganishwa na petroli, au linapokuja suala la filta.

Vitenzi haviwezi kubeba mzigo huu. Gari hula mafuta na injini hula oili. Kitenzi ni kile kile. Lakini kauli ya kwanza ni malalamiko juu ya matumizi ya fedha, na ya pili ni habari ya ugonjwa, kwamba huenda ringi za pistoni zimelika na injini inakaribia kushushwa.

Vitenzi vyenyewe vinastahili uchunguzi kuliko vilivyopata hadi sasa, maana karibu vyote ni vya Kibantu: kufungua, kufunga, kulegeza, kukaza, kumwaga, kutia. Kufunga filta ni kuiweka mahali pake, na kufungua ni kuitoa. Jozi ya zamani ya tendo na tenguo lake imebebeshwa maana mpya bila kelele. Kumwaga oili nako kumepanuka. Anayesema amemwaga oili hana maana kwamba gari halina oili, bali kwamba ya zamani imetolewa na mpya imetiwa. Upanuzi huo una hatari yake ndogo: kumwaga hakutaji filta. Mwenye gari makini husema 'mwaga oili na ubadilishe filta', au huagiza sevisi, na hata hapo hukumbusha.

5.0 Chujio, filta na kilainishi

Pingamizi linaloweza kutolewa ni kwamba hoja hii inafungua mlango kwa kila neno la kigeni. Sivyo. Kipimo ni kama neno la asili linabeba tofauti inayotakiwa. Chujio limeundwa vizuri kutokana na chuja, na hakuna tofauti ya kiufundi inayopotea likitumika badala ya filta. 'Chujio la oili' na 'chujio la dizeli' ni istilahi safi zisizo na utata, na mwandishi wa vitabu vya ufundi anaweza kuzitumia bila wasiwasi. Kinacholeta utata ni sehemu ya pili ya kirai, wala si ya kwanza.

Kilainishi nalo ni neno zuri, lakini kwa ngazi nyingine. Linafaa kuwa neno jumuishi ambalo chini yake zimo oili ya injini, oili ya gia, oili ya difu na grisi. Halifai kuchukua nafasi ya oili, kwa sababu grisi pia ni kilainishi na haitiwi ndani ya injini. Mafuta ya breki yanabaki kuwa ukumbusho kwamba mfumo wa gereji haujakamilika: hayaungui wala kazi yake si kulainisha, bali husukuma breki, na bado yameitwa mafuta. Pengine ni kwa kuwa hukaa katika kichupa chake peke yake na hayachanganywi kwa urahisi na kitu kingine.

Wala isidhaniwe kwamba uwanja huu unakopa tu. Biashara ya mafuta ndiyo iliyolieneza neno kuchakachua nchini Tanzania, pale dizeli ilipokuwa ikichanganywa na mafuta ya taa yaliyokuwa na kodi ndogo, hadi kodi hiyo ilipopandishwa mwaka 2011. Kufikia uchaguzi wa mwaka 2010 neno hilo lilikuwa limekwisha kutoka kwenye matangi na kuingia katika masanduku ya kura.

Inabaki oili chafu, yaani ile iliyomwagwa. Kirai hiki kimekwisha kuganda na kuwa jina la bidhaa. Oili chafu huuzwa kwa dumu, na wenye mashamba huipaka nguzo za uzio na mbao za mabanda ili mchwa wasizile. Isiyopata mnunuzi huishia ardhini au katika mifereji inayoelekea mito ya Themi na Naura. Kuiita 'mafuta machafu' ni kumpeleka msikilizaji jikoni, kwenye karai lililokwisha kukaangia chipsi siku nzima. Muuzaji wa oili chafu akiulizwa kama ana mafuta machafu, atajibu kwamba hana.