Kabla Hujamchukua Teria wa Australia

1. Usimpime kwa kimo. Mabega yake hayazidi sana sentimita 25 kutoka ardhini, na uzito ni kama kilo 6 na nusu. Mwili mrefu, masikio wima, utosini kishungi laini. Wageni humdhania mbwa wa kupakatwa. Wanakosea.

2. Jua alikotoka, maana tabia zake zote ziko huko. Walowezi waliohamia Australia kutoka Uingereza katika karne ya 19 walikwenda na teria wao wenye manyoya magumu. Panya nao hawakubaki nyuma, na nyoka walikuwa wenyeji tayari. Kwenye machimbo ya dhahabu na mashamba ya kondoo alitakiwa mbwa mmoja wa kazi zote: aue panya, akabiliane na nyoka, na abweke mtu akikaribia usiku. Kwa hiyo damu za teria mbalimbali zikachanganywa, Dandie Dinmont, Skye na Yorkshire wakitajwa mara nyingi, mpaka akapatikana huyu. Mwaka 1868 alikuwa keshaonyeshwa Melbourne, na mwaka 1887 mashabiki wake wakaunda chama hukohuko. Uingereza ilimtambua rasmi mwaka 1933, Marekani mwaka 1960.

3. Bustani yako itachimbwa. Akinusa panya chini ya ua la waridi, miguu ya mbele inaanza kazi, udongo unaruka nyuma, na ukimwita utaona sikio moja tu likigeuka. Kumgombeza ni kupoteza pumzi. Mtengee kona yake ya kuchimba, na uzio uingie ardhini.

4. Nje, mfunge mkanda. Paka wa jirani akikatiza mbio, mafunzo yote yanasahaulika.

5. Mfundishe mapema, kwa vipindi vifupi na kitu cha kutafuna mkononi. Ana akili, ila huchoka haraka kurudiarudia jambo lilelile. Fimbo humfanya mkaidi zaidi. Na usiweke madume wawili nyumba moja kama unapenda amani.

6. Usimwogeshe ovyo. Manyoya ya juu ni magumu na yamenyooka, ya chini ni laini, na yale mengi ya shingoni yalikuwa kinga dhidi ya meno ya windo. Sabuni ya mara kwa mara huyalegeza. Mpige brashi kila wiki, nywele zilizokufa uzing'oe kwa vidole. Rangi ni buluu yenye kahawia, mchanga, au nyekundu.

7. Usiuziwe binamu yake. Teria wa manyoya ya hariri, aliyepata umaarufu Sydney, ametokana na huyu kuchanganywa na Yorkshire. Manyoya yake ni marefu na yanateleza. Ukipapasa mgongoni na mkono ukateleza, si yeye.

8. Uliza habari za kisukari. Uzao huu huugua ugonjwa huo kuliko mbwa wengi, na wengi wao huishi zaidi ya miaka 11, kwa hiyo matibabu yanaweza kuwa ya muda mrefu. Ukiona anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa kila saa, na anakonda ilhali anakula, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Na kabla hujalipa hata senti, mwulize mfugaji kama wazazi wa kijibwa hicho wamewahi kuugua. Akikwepa swali, ondoka.